Kumsaidia kijana mwenye ulemavu wa akili asifuate mkumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na wazazi, walezi na walimu wa vitengo maalum hapa Dar es Salaam. Yamepewa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine. Kama jambo limeshatokea na kijana ameumizwa, usisome kwa mpangilio: nenda swali la 17 sasa hivi.

## Mambo ya msingi

1. Vijana wote hufuata mkumbo. Kwa nini huyu yuko hatarini zaidi?

Kijana yeyote anataka kukubalika na wenzake. Kwa mwenye ulemavu wa akili, mambo matatu yanaongezeka juu ya hamu hiyo. Anachelewa kuisoma nia ya mtu, hivyo wakicheka anaona urafiki hata pale wanapomcheka yeye. Haoni mbali: anaziona chipsi alizoahidiwa, hakioni kitakachofuata baada ya chipsi. La tatu ndilo zito kuliko yote: amezoea kuitikia. Tangu mdogo ameona kwamba akisema "ndiyo", watu wanaacha kumkaripia na kumuuliza maswali magumu. "Ndiyo" yake mara nyingi haina maana kwamba amekubali. Anataka tu mazungumzo yaishe.

2. Wangu ulemavu wake ni mdogo, anajua hata kupanda daladala peke yake. Bado nihangaike?

Ndiyo, tena sana. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wako kwenye kundi hili la ulemavu mdogo. Hatambuliki kwa sura, anatembea peke yake, na anaijua tofauti yake vya kutosha kuionea aibu. Yuko tayari kufanya chochote ili asijulikane. Vijana wa mtaani huligundua hilo haraka kuliko wazazi.

Mwenye ulemavu mkubwa anakaa karibu na nyumbani, kwa hiyo hatari yake mara nyingi inatoka kwa watu wanaomhudumia. Kwake, anza na swali la 4 na la 7.

3. Tuanze akiwa na umri gani?

Miaka 9 au 10, kabla ya balehe. Mwili hausubiri akili ikomae, na kijana huyu anahitaji muda mrefu wa kuzoea jambo moja. Kama ameshafika miaka 16, anza wiki hii, tena na lile jambo linalokutia hofu kuliko yote.

4. Tumemlea kwa adabu na utii. Sasa tumfundishe kukataa watu wazima?

Adabu ibaki. Kinachomponza ni utii usio na mpaka. Mtoto ambaye nyumbani haruhusiwi kukataa chochote hataweza kumkataa mtu mtaani, kwa sababu hajawahi kusema "hapana" ikaheshimiwa. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: zinataka kijana awe jasiri kijiweni na awe bubu sebuleni.

Kila siku mpe angalau mambo matatu anayoweza kuyakataa: shati hili au lile, uji au chai, kukumbatiwa au kutokumbatiwa na shangazi aliyekuja kutembea. Akikataa, jibu "Sawa, nimekusikia" na uishie hapo. Usimbembeleze, usinune. Kwa yale yasiyo na hiari, kama dawa, kuoga na shule, usiulize swali. Ukisema "Unataka kumeza dawa?" umempa ruhusa ya kukataa, na ukimlazimisha baada ya hapo umemfundisha kuwa "hapana" yake haina kazi. Sema hivi: "Saa ya dawa imefika. Utameza kwa maji au kwa juisi?"

Mfundishe pia kwamba kusalimia na kutii ni vitu viwili: "Shikamoo mjomba. Hapana, siendi." Salamu kwanza, kukataa baadaye, na hakuna aliyekosewa heshima. Waelezeni mapema bibi, babu na majirani wa karibu. Msipowaeleza, watasema mtoto ameharibika na watayabomoa mnayojenga.

## Kumfundisha kukataa

5. Tunaanzaje, hatua kwa hatua?

Chagua tukio moja tu. "Usishawishike na marafiki wabaya" ni maneno matupu kwake. "Mtu akikupa sigara" ni tukio analoweza kuliona kichwani.

Mpe sentensi moja fupi, ileile kila siku: "Hapana. Naenda nyumbani." Usimpe sababu za kutoa, kwa maana kwenye kubishana ndiko anakoshindwa. Baada ya sentensi vinafuata vitendo viwili: kuondoka, na kumwambia mtu. Mtu huyo awe na jina na sura. Chagueni watu wazima wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa shule au mtaa, na bandika picha zao mlangoni.

Kisha mazoezi. Kwanza wewe na kaka yake mwonyesheni: mmoja anatoa sigara (tumia kijiti), mwingine anakataa na kuondoka. Halafu afanye yeye. Msifie kwa kitu mahsusi alichofanya vizuri, rekebisha kimoja, arudie papo hapo. Dakika 10 mara nne au tano kwa wiki zinafaa kuliko saa nzima ya mawaidha siku ya Jumapili. Akifanya sawa mara tatu mfululizo, katika siku tatu tofauti, badilisha mahali: toka sebuleni nenda uani, kisha barazani, kisha njia ileile anayopita akienda shule. Halafu badilisha mtu, na kijiti kiwe chupa.

Angalia mwili wake. Wengi husema "hapana" huku wanatabasamu na miguu imesimama palepale, na aliye mbele yao anasikia "ndiyo". Fundisha uso usiocheka, kiganja mbele ya kifua, miguu igeuke kabla hajamaliza sentensi, kisha hatua kumi bila kugeuka nyuma. Mhesabie hatua hizo kwa sauti mpaka azihesabu mwenyewe.

6. Nikimuuliza anasema ameelewa, akitoka nje anasahau. Kwa nini?

Kwanza, swali lako linajibika kwa "ndiyo", na "ndiyo" ni jibu lake la mazoea. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie "Nionyeshe." Ukitaka kujua kilichotokea, uliza kwa pande mbili, kwa nyakati tofauti: "Ulikuwa peke yako?" na baadaye "Ulikuwa na mtu?" Akiitikia yote mawili, hujapata jibu, na usimwite mwongo. Mpe picha au majina achague. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno. Akili yake bado inalifanyia kazi swali la kwanza.

Pili, alichojifunza sebuleni hubaki sebuleni mpaka kifundishwe upya mahali pengine. Ndiyo maana hatua ya kuhamisha mazoezi katika swali la 5 haina njia ya mkato.

7. Haongei vizuri, au haongei kabisa. Atakataaje?

Kwa kiganja, kichwa na miguu. Mtengenezee kadi yenye ukubwa wa kitambulisho, iliyowekwa plastiki, ya kuvaa shingoni chini ya shati. Upande mmoja uwe na picha ya kiganja na maneno "SITAKI. NAENDA NYUMBANI." Upande wa pili weka namba za simu za watu wawili, bila anwani ya nyumbani. Fanyeni mazoezi ya kuitoa kama ya sentensi. Kadi ambayo haijawahi kutolewa kwenye mazoezi haitatoka siku ya shida.

8. Wakimcheka au wakizidi kumbembeleza?

Arudie sentensi ileile mara moja tu, kisha aondoke. Asiongeze neno.

Kejeli nazo zifanyiwe mazoezi, maana ndizo zinazomvunja: "acha uoga", "mtoto wa mama", "wenzako wote wamevuta". Anza kwa sauti ya upole na uipandishe siku hadi siku. Vaa kofia unapoigiza kijana wa kijiweni na uivue mnapomaliza, ajue kwa macho kwamba mama au baba amerudi. Akianza kulia au kujifungia, umekwenda haraka. Rudi hatua moja nyuma.

9. Tumjaribu kwa kumtuma mtu asiyemjua?

Inawezekana, kwa masharti. Awe ameshapita mazoezi ya swali la 5, na awe ameambiwa mapema kwamba siku moja mtamjaribu. Jaribio liwe la jambo dogo, kama kupewa soda aingie dukani, kamwe lisihusu dawa za kulevya wala mwili wake. Mzazi awe karibu kiasi cha kuona. Anayejaribu asimshike wala asimpeleke popote. Kijana akikubali, jitokeze mara moja na mfanye zoezi palepale, bila karipio. Aliyeaibishwa kwenye jaribio hatakuambia siku ikitokea kweli.

## Mtaani na shuleni

10. Majirani wanamtuma kila saa, na hawezi kutofautisha. Tufanyeje?

Mila yetu inamruhusu mtu mzima yeyote kumtuma mtoto dukani, na kwa watoto wengi haina shida. Kwa huyu, anayemtuma sukari na anayemtuma kifurushi cha bangi ni sawa. Usimtegemee apime nia ya mtu. Weka kanuni isiyohitaji kupima: anatumwa na watu walio kwenye orodha tu, wasiozidi watano, picha zao zikiwa ukutani. Kwa wengine wote jibu ni "Shikamoo. Mwambie mama kwanza."

Pita kwa majirani uwaeleze. Mwombe mjumbe wa shina akusaidie kulisema hilo. Bodaboda na bajaji ziingie kwenye kanuni hiyohiyo: hapandi lifti ya mtu asiye kwenye orodha, hata mvua ikinyesha.

11. Amekuwa wa kijiweni. Nitajuaje kama wanamtumia?

Angalia vitu na ratiba kuliko maneno. Viatu au simu isiyoeleweka ilikotoka, kulala mchana, nauli inayoisha mapema, kuitwa kwa mluzi na kutoka mbio. Kazi anazopewa ni zile ambazo wenyewe hawataki kukamatwa nazo: kushika kete, kupeleka mzigo, kukaa kona na kupiga mluzi difenda ikitokea. Uroho hauhusiki hapa. Kwa mara ya kwanza maishani kuna kundi linalomhitaji, na kazi yake anaiona ni ya heshima.

Kama ni soga na sigara tu, usiende kugomba mbele ya kundi. Mtafute yule mwenye sauti pale kijiweni, mchana, uwe na mtu mzima anayeheshimika mtaani, na useme wazi: "Huyu ni mdogo wenu, akili yake inachelewa. Akitumwa kitu kibaya hataweza kujitetea. Namwacha mikononi mwenu." Vijana wengi wa vijiweni ni watoto wa jirani, na wakipewa dhamana hiyo humlinda. Kama kuna unga (dawa za kulevya) au wizi, usiende mwenyewe. Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au polisi kata. Kisha soma swali la 18, maana ukimtoa kijiweni bila kumpa pengine pa kwenda, atarudi.

12. Shuleni wenzake wanamwagiza atukane mwalimu au ashike wasichana, anaadhibiwa yeye.

Mwombe mwalimu aulize swali moja kabla ya kuadhibu: nani alicheka wa kwanza? Mara nyingi huyo ndiye aliyetuma. Kumchapa aliyedanganywa kunamfundisha kuficha, na wenzake wanapata burudani ya pili.

Hatari iko mapumzikoni na wakati wa kutoka, ambapo hakuna mwalimu. Ombeni wanafunzi wawili wa kumsindikiza nyakati hizo, wabadilishwe kila baada ya wiki mbili ili isiwe mzigo. Andika sentensi yake ya kukataa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, ili nyumbani na shuleni atumie maneno yaleyale. Mkiwa na sentensi mbili tofauti, hatatumia hata moja.

13. Wanamkopa pesa na kumpeleka kwenye kamari.

Mpe nauli na pesa ya kitafunwa kimoja, basi, katika mifuko miwili tofauti. Sentensi ni "Pesa ya nauli." Kanuni: hakopeshi mtu nje ya nyumbani.

Kubeti ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, pia. Zungumza na mwenye mashine ukiwa na mjumbe. Wengi humzuia mtoto wakijua kuwa mzazi anafuatilia.

## Simu na mtandao

14. Awe na simu?

Kitochi, ndiyo, chenye namba tano na mazoezi ya kupiga. Simu janja isubiri mpaka aweze kukuonyesha, bila msaada, jinsi ya kumzuia mtu na jinsi ya kukuletea ujumbe uliomchanganya.

Hatari mbili hazisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni kurekodiwa: wanamchezesha, wanamtukanisha, kisha wanarusha video watu wacheke. Sentensi yake: "Usinipige picha." Ya pili ni kuombwa picha za mwili. Ikitokea ya kwanza, hifadhi ushahidi wenye jina la akaunti na tarehe kabla haijafutwa. Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiisambaze hata kwa ndugu, hata kwa nia ya kuomba msaada. Peleka simu yenyewe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ponografia ya watoto, na anayesambaza naye anaingia.

15. Ametimiza miaka 18 na ana namba ya NIDA. Kuna la kuogopa?

Lipo. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na kijana huyu atatoa kidole chake kwa soda. Laini ikifanya utapeli, jina ni lake. Kitambulisho kikae kwako, na mfundishe kuwa kidole chake kinawekwa mahali mkiwa pamoja tu. Kila baada ya miezi michache piga *106# kwenye laini yake uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, ifungwe. Ujumbe wa kitapeli, wa aina ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", utumwe kwenda 15040.

## Mwili na mapenzi

16. Binti yangu anasema ana mpenzi. Marafiki zake wanamwambia kila mtu anaye.

Usianze kwa kufoka. Ni mara yako moja ya kuambiwa. Uliza ni nani, wanakutana wapi, wanafanya nini, na je, amemwambia asiseme? Siri ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Mfundishe kanuni nzima: mtu akisema "usimwambie mama", hilo ndilo la kumwambia mama.

Mfundishe majina halisi ya sehemu za mwili wake, maana asiye na maneno hawezi kushtaki. Hamu ya kupendwa ni ya kwake kwa haki; zungumza naye kuhusu hedhi, mimba na magonjwa kwa picha na maneno machache, mara nyingi. Kumficha hakumlindi.

Akiwa chini ya miaka 18, kumwingilia ni kubaka hata kama alisema amekubali. Mvulana naye anaumizwa vilevile, na yeye hunyamaza zaidi.

17. Imeshatokea, ameingiliwa. Nifanye nini kwanza?

Mwambie maneno mawili: "Nakuamini. Si kosa lako." Usimhoji mara nyingi. Kila anaporudiwa atajaribu kubahatisha jibu unalolitaka, na maelezo yatapinda. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na saa.

Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mpeleke hospitali kubwa ya karibu, kama Amana, Temeke au Mwananyamala, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba nazo hufaa zaidi zikiwahiwa. Fomu ya PF3, ya polisi kwa ajili ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ndugu mmoja anaweza kuifuata huku mwingine akiwa hospitali. Omba matibabu yaanze bila kuisubiri.

Simu 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure. Msikubali kuyamaliza nyumbani kwa fidia. Aliyelipa akaachwa atarudi, kwake au kwa mwingine kama yeye.

## Marafiki, ndugu na hali ngumu

18. Tukimkataza kila mtu, si atabaki peke yake?

Atabaki, na upweke utamrudisha kwa walewale. Kwa kila kundi unalomtoa, tafuta sehemu moja anayokwenda kila wiki, siku ileile: kwaya, madrasa, timu ya mpira, banda la fundi anayemjua. Special Olympics wana michezo inayochanganya vijana wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Ukikosa vyote, kijana mmoja wa rika lake anayekuja Jumamosi wakala wali na kucheza bao anatosha kuanzia.

Mfundishe kumpima rafiki kwa vitendo vitatu: ananiita jina langu, tunagawana, nikisema hapana anaacha. Asiyetimiza la tatu si rafiki.

19. Ndugu zake wafanye nini?

Washiriki mazoezi, wasigeuzwe walinzi. Dada wa miaka 13 asibebeshwe kosa kwa sababu kaka alitoroka.

20. Polisi wamemkamata pamoja na kundi na amekiri. Je, alifanya kweli?

Kukiri kwake hakuthibitishi kitu. Rudi swali la 1 na la 6. Fika kituoni upesi ukiwa na barua ya shule au cheti cha hospitali kinachoeleza ulemavu wake. Weka nakala nyumbani leo, kabla hazijahitajika. Mwambie mkuu wa zamu kwamba kijana huitikia kila anachoulizwa, na omba maelezo yasichukuliwe mpaka mzazi na afisa ustawi wa jamii wawepo. Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kama mtoto, na kwa kawaida shauri lake ni la Mahakama ya Watoto. Akiwa ameshavuka umri huo, tafuta wakili mapema na mpe barua hiyohiyo.

Asisaini wala kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa polepole mbele yako. Na mfundishe, tangu akiwa nyumbani, sentensi moja ya kituoni: "Namtaka mama." Ifanyieni mazoezi kama zile nyingine.